Viza ya uhamiaji mkononi bado siyo ukazi: hatua za kufuata mpaka ugongewe muhuri Marekani

Jamani, maswali ni yaleyale matatu kila siku. La kwanza, "nimepata viza ya uhamiaji ya Marekani, kwa hiyo sahivi mimi ni mkazi wa kudumu?" La pili, "nimeshalipa zile hela za USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, mbona grinkadi, ile kadi ya ukazi, haijaja?" na ukimuuliza uko wapi anakwambia yuko Mwanza bado hajakata hata tiketi. La tatu huwa linakuja usiku kwa sauti ya chini, "hivi viza si imeshatoka, naweza kufunga ndoa fasta kabla sijaondoka?" Nimechoka kujibu kwa voisi za dakika saba saba, kwa hiyo naandika hapa mara moja, ukiulizwa na mwenzio mtumie.

Jibu fupi la swali la kwanza ni hapana. Unakuwa mkazi wa kudumu siku ile unapofika Marekani na afisa wa CBP, wale wa mpakani, anakukagua na kukukubali uingie kama mhamiaji. Siyo siku ya intavyuu, siyo siku viza ilipobandikwa kwenye pasipoti, siyo siku ulipolipa, na wala siyo siku kadi inapofika kwa posta. Chukulia viza kama posa iliyokubaliwa: mahari imepokelewa, sare zimeshonwa, ukumbi umelipiwa, lakini mpaka ndoa ifungwe bado wewe ni mchumba tu, na uchumba unaweza kuvunjika.

Theoria inaishia hapo, tuingie kazini.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Pasipoti yenye viza ya uhamiaji ambayo muda wake haujaisha. Bahasha iliyofungwa kutoka ubalozini, kama wamekupa (siku hizi wengi hawapewi, nitaeleza). Ile karatasi ya ubalozini yenye namba yako ya A (namba yako ya mhamiaji) na namba ya kesi. Kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni, yako au ya ndugu. Anuani kamili ya Marekani utakapofikia, namba ya nyumba, namba ya fleti, mji, jimbo na zip kodi, siyo "kwa shemeji Ohio". Vyeti orijino vya kuzaliwa, ndoa, talaka kama ipo. Na kama ulipewa eksirei ya kifua au sidii yake pale ulipopimwa afya, nayo iwepo.

Hatua kwa hatua

1. Isome viza yako siku hiyohiyo unapoipokea. Watu wanapiga picha na viza, wanaweka stetasi, hawaisomi. Angalia jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, namba ya pasipoti, tarehe ya mwisho na herufi za daraja lako: IR1 au CR1 kwa mwenza wa raia, IR5 kwa mzazi wa raia, F4 kwa ndugu wa raia, DV1 kwa mshindi wa bahati nasibu, na kadhalika. Herufi imekosewa kwenye jina? Rudi ubalozini sasa hivi. Kosa linalorekebishwa Nairobi au Dar kwa siku chache ukilibeba mpaka Marekani litakufuata kwenye grinkadi, kwenye soshali (namba ya Social Security), kwenye leseni, na kila ofisi itakwambia nenda ile nyingine.

2. Hesabu tarehe halafu ndo ukate tiketi. Viza ya uhamiaji kwa kawaida inakaa mpaka miezi 6, ila inaweza kuwa pungufu kwa sababu inafuata uhai wa vipimo vyako vya afya, kwa hiyo aliyepima mapema akachelewa intavyuu anaweza kujikuta na miezi mitatu tu. Unatakiwa uwe umeshakubaliwa kuingia kabla ya tarehe iliyoandikwa. Usikate tiketi ya siku ya mwisho, ndege ikiahirishwa utalia.

Kama mnasafiri familia na mwenye kesi ni mmoja, yeye ndiye atangulie au muingie wote pamoja. Mke na watoto wanaobebwa na kesi ya baba hawawezi kutangulia kuingia wakati baba bado anauza gari Arusha. Hili linawakumba sana watu wa DV.

Halafu angalia kama nchi yako imeguswa na matangazo ya rais wa Marekani ya kuzuia wahamiaji. La Juni 2025 liliigusa Burundi, na orodha hizi zinabadilika, kwa hiyo fungua tovuti ya ubalozi wiki unayotaka kulipia tiketi, siyo meseji ya kuforwadiwa.

3. Lipa ada ya USCIS ya mhamiaji. Ni dola 235 kwa kila mtu, mtoto naye analipiwa, tangu Aprili 2024 (zamani ilikuwa 220, kwa hiyo video za zamani zisikuchanganye). Unalipia kwenye tovuti ya USCIS, unaingiza namba ya A, ambayo inaanza na herufi A na tarakimu zake, pamoja na namba ya kesi. Za kesi za familia zilizopita Nairobi zinaanza na NRB, za DV zinaanza na mwaka halafu AF kwa sisi wa Afrika. Ndugu yako aliyeko huko anaweza kukulipia, hakuna shida.

Hapa ndo watu wanachanganya mambo, naomba usome taratibu. Hii ada ni ya kutengeneza na kukutumia kadi. Haikufanyi mkazi, na usipoilipa haikuzuii kuwa mkazi. Ukitua bila kulipa utaingia vizuri tu, muhuri utagongewa, ukazi utaanza, ila kadi haitatumwa mpaka hela iingie. Na ukilipa leo ukakaa Mwanza mwezi mzima, hakuna kadi itakayotengenezwa mpaka uingie. Lipa kabla ya kusafiri, ukaweke risiti kwenye imeili, basi.

4. Usiguse hali yako ya ndoa. Nalikazia hili kwa sababu linaua kesi nyingi za vijana wetu na wanaoziua ni wazazi. Kama viza yako umeipata kama mtoto asiyeoa au asiyeolewa, yani F1 (mtoto wa raia), F2B (mtoto mkubwa wa mkazi wa kudumu), au umebebwa kama mtoto kwenye kesi ya mzazi ya F3 (mtoto aliyeoa wa raia), F4 au DV, ukifunga ndoa baada ya viza kutoka na kabla ya kukubaliwa kuingia, ile sifa iliyokupa viza imekufa. Afisa atakuuliza umeoa? Ukisema ndiyo unarudishwa, ukisema hapana umedanganya serikali na siku ukija kumwombea mkeo, cheti cha ndoa kina tarehe, tarehe inakusema.

Na usiniambie "sisi tumefunga ya nyumbani tu, hatujasajili". Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya dini, ya kimila na ya serikali, zote ni ndoa. Nikahi ya sebuleni baada ya isha na ubani na halua ni ndoa. Bi mkubwa anasema "mtoto asiende ugenini bila mke atapotea", namuelewa, lakini mwambie asubiri. Kijana atue, agongewe muhuri, hata wiki mbili baadaye arudi aoe kwa ngoma na tarumbeta, halafu amwombee mkewe kama mke wa mkazi wa kudumu. Kwa F2B hali ni mbaya zaidi, ukioa kesi yote inafutika, kwa sababu hakuna daraja la mtoto aliyeoa wa mkazi wa kudumu, lipo la mtoto aliyeoa wa raia tu.

Upande wa pili ni huohuo. Viza yako ni ya mke wa fulani na mmeachana kabla hujasafiri, viza haifai tena hata kama tarehe bado. Na akifariki aliyekuombea kabla hujaingia, kwa kawaida ombi linafutika lenyewe kisheria. Usipande ndege kimya kimya ukitegemea hawajui. Tafuta wakili wa uhamiaji kwanza, kuna njia ya kuomba lifufuliwe kwa sababu za kibinadamu ila inaombwa, haijitokezei.

5. Panga begi la mkononi kama ndo roho yako. Bahasha, eksirei, vyeti, pasipoti, anuani iliyoandikwa kwenye karatasi (simu huzima), vyote mkononi. Begi kubwa linaingia tumboni mwa ndege na wewe utamuona afisa kabla hujaliona begi.

Bahasha ukipewa USIIFUNGUE. Hata kama kona imeanza kubanduka usiisaidie. Na kama hujapewa usipaniki, angalia kwenye viza kama kuna maandishi ya IV DOCS IN CCD, maana yake nyaraka zako wameshazituma kwa kompyuta na afisa ataziona kwenye skrini yake.

6. Jua utakaguliwa wapi. Ni kiwanja cha kwanza cha Marekani unachotua, hata kama unaendelea na ndege nyingine ya ndani. Ukitoka Nairobi na ile ya moja kwa moja ya Kenya Airways ni JFK New York. Ukipitia Doha, Addis, Istanbul au Amsterdam, huko ni kubadilisha ndege tu. Abu Dhabi ni tofauti, Wamarekani wana maafisa wao palepale na unakaguliwa kabla ya kupanda, Dublin na Shannon hivyohivyo. Kwa hiyo ukipita huko kaa tayari na makaratasi mapema.

Ukikata tiketi ya kuunganisha acha masaa manne kati ya kutua na ndege ya pili. Najua wakala wa tiketi atakwambia lisaa limoja na nusu linatosha. Kwa mtalii sawa, ila kwa mhamiaji anayeingia mara ya kwanza, na watoto watatu, hapana.

7. Kaunta, halafu chumba cha pembeni. Unapanga foleni, unafika kwa afisa, unampa pasipoti na bahasha, unamwambia ni viza ya uhamiaji. Anachukua alama za vidole na picha. Mara nyingi anakuelekeza chumba cha pembeni, na hapo ndo watu presha inapanda wakidhani wamekamatwa. Hujakamatwa. Wahamiaji wapya wengi wanapelekwa humo kwa sababu kuna makaratasi ya kumalizia. Utakuta viti vimepangwa kama hospitali ya wilaya, watu wamekaa na mabegi miguuni, simu haziruhusiwi, mtoto wa mtu analia, na wewe unasubiri jina lako litamkwe vibaya. Sikiliza kwa makini, jina langu lilitamkwa mara mbili nikadhani anaitwa Mfaransa.

Maswali ni ya kawaida: unakwenda kuishi wapi, na nani, nani alikuombea, umeoa, una watoto, umewahi kufanya kosa. Jibu kifupi na kweli. Hujaelewa Kiingereza chake, omba mkalimani wa Kiswahili, usiitikie "yes" kila kitu kwa heshima. Heshima yetu ya kuitikia huku inakuponza. Anuani ikiwa imebadilika tangu ubalozini mwambie hapohapo, kwa sababu kadi itatumwa kwenye anuani aliyonayo kwenye mfumo.

8. Muhuri. Ukague kabla hujaondoka mbele yake. Afisa anagonga muhuri wenye tarehe ya kuingia, kawaida juu ya ule ukurasa wa viza, na anaandika daraja lako kwa kalamu. Tarehe hiyo ndo siku yako ya kuwa mkazi wa kudumu, na ndo itakuja kuandikwa kwenye kadi kama siku ukazi ulipoanza. Soma maandishi ya chini ya viza, yanasema ikishagongwa inatumika kama I-551 ya muda kwa mwaka 1. Yani kuanzia dakika ile, ukurasa ule wa pasipoti ndo grinkadi yako. Unafanya nao kazi, unasafiri nao, unarudi nao, kwa mwaka mzima kutoka tarehe ya muhuri.

Sasa ngoja niwape yangu. Viza yangu iliandikwa CR1, ile ya mwenza ambaye ndoa haijatimiza miaka 2. Siku ilipotolewa ilikuwa sahihi, ndoa ilikuwa na mwaka na miezi kumi. Lakini nilichelewa kusafiri, na siku natua ndoa ilikuwa imepita miaka 2 kwa siku kumi na moja. Kinachohesabika ni umri wa ndoa siku ya kukubaliwa kuingia, kwa hiyo nilistahili IR1 na kadi ya miaka 10. Mimi sikujua. Cheti cha ndoa nilikuwa nacho kwenye begi, nimekiweka kwenye plastiki safi kabisa, nikanyamaza, afisa akaandika CR1 nikamwambia asante sana. Kadi ikaja ya miaka 2. Kuja kuibadilisha ni ofisi hii inakutuma ile, ile inasema rudi huku, miezi. Sentensi moja pale kaunta ingemaliza kila kitu: "Ndoa yangu imeshatimiza miaka miwili, cheti hiki hapa." Nyie wa CR1, chukua kalenda sasa hivi uangalie, na kama umebakiza wiki mbili kufikisha miaka 2 na viza bado ina muda, mimi ningesogeza tiketi.

Kwa hiyo pale mbele ya afisa angalia vitu vitatu: tarehe, daraja, na kama muhuri unasomeka. Muhuri uliofifia mwombe kwa adabu agonge tena. Ukishatoka mlangoni hurudi.

9. Mabegi na forodha. Mabegi unayachukua kwenye kiwanja hichohicho cha kwanza hata kama tiketi inasema yanaenda mpaka Columbus, unapita nayo forodha, halafu unayakabidhi tena. Chakula ulichobeba kitaje. Nyama na matunda mabichi viache nyumbani, embe la Tanga litaishia kwenye pipa na faini juu. Hela taslimu zaidi ya dola 10,000 siyo kosa kubeba, kosa ni kutozitaja.

10. Siku za kwanza. Namba ya soshali: kama kwenye DS-260, ile fomu ya kuombea viza, uliweka tiki kwamba unaitaka, itakuja kwa posta wiki kama tatu hivi baada ya kutua. Hukuweka, au wiki tatu zimepita kimya, nenda ofisi ya Social Security na pasipoti yenye muhuri. Kazi unaweza kuanza hata kesho yake, mwajiri anapojaza I-9, fomu ya kuthibitisha una ruhusa ya kazi, mwonyeshe ule ukurasa wa muhuri, ni hati kamili, asikwambie "mpaka kadi". Wanaume wa miaka 18 mpaka 25 wanatakiwa kujiandikisha Selective Service, orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini, ndani ya siku 30. Ukihama nyumba toa taarifa USCIS ndani ya siku 10, na kubadilisha anuani posta peke yake haitoshi. Kodi pia inaanzia hapa, kuanzia siku ya kwanza uliyokaa Marekani kama mkazi, mapato yako ya dunia nzima yanahusika, ile nyumba ya kupangisha Tabata imo. Na ukiulizwa na dada wa kuandikisha wapiga kura pale ofisi ya leseni, kataa. Mkazi wa kudumu hapigi kura ya taifa, na kujiandikisha tu kunaweza kukuharibia uraia wako baadaye.

Andika jina lako kwenye sanduku la barua. Ni jambo la kijinga kabisa lakini shemeji kaandika jina lake, msambaza barua haoni lako, kadi inarudi ilikotoka.

11. Kadi inakuja. USCIS wanasema subiri mpaka siku 90 kutoka siku uliyoingia au siku uliyolipa, ile iliyochelewa kati ya hizo mbili. Ikifika kagua jina na tarehe ya ukazi, ilingane na muhuri. Ukishatimiza miaka 18 unatakiwa utembee nayo.

12. Sasa hesabu kutoka kwenye muhuri. Uraia ni miaka 5 ya ukazi, au 3 kama unaishi na mwenza ambaye ni raia, na unaruhusiwa kutuma maombi siku 90 kabla. Mfano umegongewa muhuri tarehe 14 Machi 2024, miaka 5 inatimia 14 Machi 2029, maombi unaweza kutuma kuanzia 14 Desemba 2028. Wenye kadi ya miaka 2 wana I-751 ya kuondoa masharti, inatumwa ndani ya zile siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha, wala usisubiri iishe.

Watoto wana lao zuri. Mtoto chini ya miaka 18 akikubaliwa kuingia kama mkazi wa kudumu na anakwenda kuishi na mzazi ambaye ni raia wa Marekani na ana malezi yake kisheria, anakuwa raia papo hapo kwa sheria iliyoanza Februari 2001. Muhuri huohuo unafanya kazi mbili. Mwombee pasipoti ya Marekani.

Wewe hesabu yako ni tofauti kama…

Kama ulishakuwa ndani ya Marekani ukabadilisha hadhi kwa fomu ya I-485, hujapitia viza ya uhamiaji, ukazi wako unaanza siku ombi lilipokubaliwa. Waliokuja kwa K-1 ya uchumba wako humu, wanaingia, wanafunga ndoa ndani ya siku 90, wanaomba, wanasubiri.

Ndugu zetu wakimbizi, Wakongomani waliotoka Nyarugusu, Kakuma na kwingineko, nyie mnaomba baada ya mwaka 1 lakini mkikubaliwa tarehe inarudishwa nyuma mpaka siku mliyotua. Kwa hiyo kadi inaweza kuja leo inasema wewe ni mkazi tangu miaka miwili iliyopita, siyo kosa la uchapaji, msiirudishe. Aliyepata hifadhi akiwa humu ndani anarudishiwa mwaka 1 tu kabla ya siku ya kukubaliwa.

Ukikwama

*Viza imeisha kabla sijasafiri.* Usipande ndege. Waandikie ubalozi, wanaweza kukutolea nyingine kwa ada mpya na pengine vipimo vipya. Wa DV mna ukuta, viza ya mwaka wenu haitolewi baada ya 30 Septemba.

*Nimejifungua baada ya viza kutoka, mtoto hana viza.* Sheria inaruhusu mtoto aliyezaliwa baada ya viza ya mzazi kutoka aingie na mzazi wake bila viza yake, kwa cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Shida ni mtu wa kaunta ya ndege hajui hilo, kwa hiyo ongea na ubalozi kwanza upate maelekezo ya maandishi.

*Tarehe au daraja kwenye muhuri limekosewa.* Tafuta ofisi ya CBP ya ukaguzi ulioahirishwa iliyo karibu, zipo kwenye viwanja vikubwa, nenda na pasipoti na ushahidi. Fanya hivyo kabla kadi haijatengenezwa. Ikishatoka na kosa ni lao, unatumia I-90, fomu ya kubadilisha kadi, bila kulipa.

*Siku 90 zimepita, kadi hakuna.* Kwanza angalia kama ulilipa kweli, nusu ya kesi nilizosaidia hela haikuingia. Pili anuani. Tatu ingia akaunti yako ya USCIS uone kama imetumwa, ikionyesha ilitumwa na hujaipata fungua malalamiko ya kadi isiyofika mapema, usikae miezi ukisubiri kwa aibu.

*Mwaka wa muhuri unaisha na kadi bado.* Piga simu USCIS uombe miadi ya kugongewa muhuri mwingine wa muda kwenye pasipoti. Ukazi wako haujaisha, kilichoisha ni karatasi ya kuuonyesha.

*Nimetua, nimegongewa, nataka kurudi Dar kufunga biashara zangu.* Rudi, muhuri unakurudisha. Ila ukipitisha miezi 6 nje tegemea maswali mengi, na ukipitisha mwaka mzima kadi haikuingizi tena yenyewe. Ukijua utakaa muda mrefu omba kibali cha kurejea kwa I-131, na lazima uwe ndani ya Marekani wakati unaomba. Na mtu akikuwekea mbele fomu ya I-407 uwanja wa ndege akasema saini tu uende zako, hiyo ni ya kuachia ukazi kwa hiari. Unaweza kukataa na kuomba upelekwe mbele ya jaji wa uhamiaji.

*Mume wangu ametua juzi, anasema mimi nisubiri yeye apate kadi ndo nikate tiketi.* Kama viza yako ipo mkononi na ni ya kesi hiyohiyo, huna haja ya kuisubiri kadi yake. Yeye ni mkazi tangu juzi. Mwambie akupigie picha ukurasa wa muhuri, uuchapishe, uweke kwenye begi la mkononi, ukate tiketi kabla tarehe ya viza yako haijakukuta Ubungo.